Mdomo Kwanza, Sauti Baadaye

Darasani walimwita Mkia.

Jina hilo halikutungwa na mtoto mmoja. Lilijitunga lenyewe, kwa sababu ya namna walivyosomeshwa katika shule moja ya Giakanja miaka michache baada ya Uhuru, bendera ikiwa bado haijapauka. Mwalimu Gicheru alisimama kando ya ubao na fimbo ndefu aliyoikata kwenye mibuni. Alipiga fimbo chini ya neno, ta!, na darasa zima likaruka kwa sauti moja: "Ba!" Ta! "Ba-ba!" Ta! "Ba-ba a-na-li-ma!" Ukiwa barabarani ungedhani ni mashine ya kukoboa kahawa. Halafu, watoto wote wakishanyamaza, sauti moja nyembamba ilitoka nyuma peke yake, kama mbuzi aliyeachwa na wenzake: "...ma."

Huyo alikuwa Kabura, binti wa pili wa Wahome.

"Mkia! Mkia!" watoto walicheka.

Mwalimu Gicheru hakucheka. Alidhani anaigizwa. Alimwita mbele, akamwambia afungue kiganja.

Bibi yake, Watiri, aliyemzaa Wahome, aliuona mkono huo jioni moja jikoni, jua likiwa bado juu ya migomba. Walikuwa wakimenya viazi. Kabura alishika kisu kwa mkono wa kushoto, kiazi kikamteleza, kikabingirika mpaka kwenye majivu.

"Leta huo mkono mwingine," Watiri alisema.

Kabura aliuleta. Ulikuwa umeumuka kama andazi.

"Nani?"

"Mwalimu."

"Umefanya nini?"

"Nimechelewa."

"Kuchelewa wapi? Si nilikutoa hapa umande haujakauka?"

"Sijachelewa kufika, cucu. Nimechelewa kusema."

Watiri aliuangalia ule mkono, asielewe jibu hilo, akarudia kumenya. Hasira yake haikuwa ya kuwaka mara moja kama makuti. Ilikuwa ya githeri, ya mahindi na maharagwe: unaweka sufuria motoni, unaendelea na kazi zako, unasahau kama kuna kitu kinachemka, mpaka mfuniko unapoanza kupiga kelele wenyewe.

Kilichomkera zaidi ni kwamba alimjua Kabura wa jikoni, na huyo hakuwa mkia wa mtu yeyote. Watoto wa boma walipokusanyika kwa vitendawili, moshi umejaa na hakuna anayeuona uso wa mwenzake vizuri, Kabura ndiye aliyekuwa jogoo.

"Kitendawili!" Watiri angesema.

"Tega!"

"Nyumba ndogo inatoa moshi kila asubuhi ya Julai, na hakuna aliyewasha moto."

Wengine wangali wanakuna vichwa, Kabura, macho yake kwenye sufuria, alishajibu: "Mdomo wangu nikienda shule."

"Mzee wetu huvaa kofia nyeupe asubuhi, wageni wakija kumwona anajifunika blanketi."

"Mlima. Mawingu yakija."

Kanisani pia. Wakati wa nyimbo za kupiga makofi Kabura alijikunja chini ya benchi, sweta kichwani. Lakini pasta akisema "Tufumbe macho tuombe", mtoto alinyooka kama mche uliomwagiwa maji. Sala yote aliisema pamoja na watu, bila kubaki nyuma hata neno.

Alikuwa na mambo yake, ndiyo. Maharagwe aliyapanga mistari kwa rangi kabla ya kuyatia kwenye chungu, na ukiyavuruga alilia mpaka akatapika. Njia ya mtoni ilikuwa moja tu. Ukimpitisha nyingine, anakaa chini. Kile kipande cha reli walichokigonga shuleni badala ya kengele kilimfanya azibe masikio kabla hakijalia, mara tu akiona mkono wa kiranja umeinuka. Na hakumwangalia mtu mdomoni. Ukisema naye, aliangalia sikio lako, au kifungo cha shati, au alifumba macho kabisa. Nyumbani wazee waliona ni adabu. Shuleni mwalimu alisema, "Niangalie ninapozungumza nawe!" na alipokosa kuangaliwa akaona ni kiburi.

Daktari mmoja mjini Nyeri alimpima. Alimwekea saa nyuma ya sikio, Kabura akasikia. Alimwonyesha picha ya kuku mdogo ukutani. Akamwona, na akaona pia nzi aliyetua juu yake. "Masikio mazima, macho mazima," daktari alisema. "Huu ni ukaidi tu, mama."

Na kwa kuwa ni ukaidi, kila mtu alijua dawa yake.

Jumapili iliyofuata alikuja Murugi, dada yake Wahome, aliyeolewa Nanyuki. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na malalamiko mengi mdomoni. Yaya wake wa mwisho ametoroka. Kazi ya nyumba inamuua. Aliyasema hayo akimwangalia Kabura, na Watiri akaona macho hayo yanakoelekea kabla maneno hayajafika.

"Wahome," Murugi alisema, "huyu wako hasomi. Mwaka wa tatu huu, jina lake hajui kuandika. Nipe mimi. Atanishikia mtoto, atakula vizuri, atavaa viatu."

"Ana akili ya shule," Watiri alisema.

"Maitu," Murugi alimwambia mama yake, "akili gani? Ati Mkia. Hata kule Ruring'u kwa shangazi wanajua anaitwa Mkia."

Wahome alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwaruza matope kwenye kiatu chake kwa kijiti. "Siku ya kufunga shule wazazi wanaitwa," alisema hatimaye. "Kila mtoto anasoma mbele ya hedimasta. Kabura akisoma, anabaki. Asiposoma, Murugi aje siku hiyo hiyo amchukue. Maitu, usinikunjie uso. Simtupi. Nimechoka kuona mkono wa mtoto wangu umefura. Nanyuki hakuna atakayemchapa."

"Na hakuna atakayemfundisha."

"Sasa hivi anafundishwa?"

Monicah, mama ya Kabura, alikuwa mlangoni na karai la maji. Alisimama hapo, akamtazama wifi yake, akayamwaga maji yote kwenye maua, akaingia ndani. Ungejua anachofikiri kwa jinsi alivyolitupa lile karai.

Siku chache baadaye Watiri alikuwa shambani na Kabura wakipalilia viazi. Shamba lao liliteremka hadi kijitoni, na ng'ambo ya kijito kilima kingine kilipanda, hivi kwamba unaweza kumwona jirani mlangoni kwake na usimfikie mpaka ushuke na kupanda na kupumzika. Kule ng'ambo Ngatia alikuwa akikata mkaratusi. Shoka lilipanda, likashuka, likazama kwenye mti kimya. Halafu, Ngatia akiwa ameshaanza kuliinua tena, ndipo ukasikia: ko!

Mtu yeyote aliyezaliwa katika vilima vile ameliona hilo tangu utoto na halimshangazi. Watiri aliegemea jembe akaona hapo pana kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Namwona akipiga, lakini kilio kinachelewa njiani."

Kabura hakuinua hata kichwa. "Mwalimu Gicheru."

Watiri alicheka. "Wewe! Si Ngatia yule na shoka lake?"

"Ngatia pia," Kabura alisema. "Lakini Ngatia yuko mbali. Mwalimu yuko karibu, na bado anachelewa."

Kicheko kikamwisha Watiri. Aliliacha jembe likaanguka lenyewe.

"Njoo hapa. Simama." Alipiga makofi mara moja mbele ya uso wa mtoto. "Kimetangulia nini?"

"Mikono."

"Halafu?"

"Halafu pa."

"Havikuja pamoja?"

Kabura alimwangalia sikio, kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama mvua hunyesha kwenda juu. "Kwani kwako vinakuja pamoja?"

"Na mimi nikisema?"

"Mdomo wako unaenda kwanza. Maneno yanafuata. Nikiangalia mdomo, maneno yanavurugika. Nikiangalia sikio yanakuja sawa." Alifikiri. "Mwalimu akipiga fimbo kwa neno, naona neno. Sauti ikifika, fimbo iko kwa neno lingine. Sasa sijui sauti ni ya neno gani. Nangoja wengine waseme, ndio nichague. Nikishachagua, wamenyamaza."

Watiri aliketi kwenye mtaro, matako kwenye udongo mbichi. Kwa mtoto huyu, watu wote wa dunia walikuwa ng'ambo ile nyingine. Mwalimu, mama yake, yeye mwenyewe Watiri aliye karibu wa kumshika mkono, wote wakipiga shoka kutoka mbali. Na kwa hilo amechapwa. Amechapwa kwa kuwa na bonde ambalo hakulichimba yeye.

Siku hizi jambo hilo lina majina. Kuna usonji, kuna disleksia, na wataalamu wanaeleza kwamba kwa baadhi ya watoto jicho na sikio havipokei kwa wakati mmoja, ndiyo maana herufi na sauti yake hushindwa kushikana. Giakanja ya wakati ule haikuwa na jina lolote ila Mkia. Na Watiri hakuhitaji jina. Mfuniko wa sufuria ulishaanza kupiga kelele.

Alinawa miguu kijitoni, akafunga leso safi, akaenda shuleni.

Mwalimu Gicheru alikuwa peke yake darasani, watoto wako nje wakicheza. Shati lake lilikuwa na kiraka kilichoshonwa vizuri, na sauti imemkauka kwa kupiga kelele mchana kutwa.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni cucu yake Kabura wa Wahome."

"Aa, Mkia."

"Umemwita nani?"

"Samahani, mama. Watoto wamenizoesha. Karibu, keti."

Watiri hakuketi. Alimweleza yote: Ngatia, shoka, makofi, fimbo. Alijitahidi kueleza polepole, lakini kadiri alivyosema ndivyo alivyojisikia akionekana kama bibi anayesimulia ndoto.

"Masikio yake si yalipimwa?" mwalimu aliuliza.

"Ni mazima. Na macho ni mazima. Havifiki pamoja, ndilo ninalokwambia!"

"Sasa mimi nifanye nini, mama? Nipige fimbo leo, nitamke kesho?"

"Ukipiga fimbo, nyamaza kidogo. Ukitamka, weka fimbo chini. Na usimwambie akuangalie mdomo. Ni hayo tu."

Gicheru alicheka kidogo, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Unaona hili darasa? Wengine wanakaa sakafuni. Inspekta akija anataka asikie watoto wakisoma kama mtu mmoja. Siwezi kusimamisha garimoshi kwa sababu ya abiria mmoja. Na mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa fimbo hii hii, na unaniona."

"Nakuona," Watiri alisema.

Uso wa mwalimu ulibadilika. "Ulisoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"La nne. Kwa wamisheni."

"Basi," alisema Gicheru, na akatoka kwenda kumwambia kiranja agonge reli.

Watiri alishika njia ya nyumbani. Maneno mazuri, makali, ya kumkata mtu miguu, yalimjia yote alipofika mtoni, ambako hakukuwa na wa kuyasikia ila bata wa jirani. Akawaambia bata.

Kesho yake alianza kumfundisha mwenyewe. Alitandaza majivu kwenye uteo, akaandika kwa kidole: ma. "Sitasema kitu," alimwambia Kabura. "Pitisha kidole hapo. Ukimaliza kabisa, ukishiba, ufumbe macho. Nikiona umefumba, ndio nitasema. Nitakuwa nyuma yako."

Kidole kikapita. Kikarudia. Kikarudia tena. Macho yakafumbwa.

"Ma," Watiri alisema, nyuma ya kisogo.

"Ma," Kabura alisema. Kisha akafumbua macho, akaangalia yale majivu, akaanza kuyumbayumba mbele na nyuma kama afanyavyo akifurahi.

Ilikuwa kama kuwaoza watu wawili wasiojuana. Huwezi kuwakutanisha njiani wakipita mbio. Unawakalisha, unawapa uji, unamleta mmoja, halafu mwingine. Neno moja lilichukua muda wa kuiva kwa kiazi. Siku nyingine lilikataa kabisa. Kabura alirusha uteo, majivu yakajaa kwenye maziwa, akagonga kichwa ukutani, na Watiri naye akapiga kelele kwamba amechoka, kwamba hata yeye ana mgongo unaouma, na wote wawili wakakaa huku na huku jikoni wamenuniana mpaka Monicah alipokuja kuwapatanisha kwa vikombe vya chai. Lakini kesho yake uteo ulirudi. Na shuleni fimbo iliendelea, ta!, na mkono uliendelea kuvimba, kwa sababu kujua kwake kusoma majivu hakukumsaidia kuruka na wengine. Kila jioni kabla ya somo Watiri aliukanda mkono huo kwa maji ya moto na chumvi, na kila jioni alilaani kimoyomoyo, yeye mtu wa kanisa, maneno ambayo angeyajutia kama angekuwa na muda.

Siku ya kufunga shule ilikuja na ukungu. Wazazi walijazana nyuma ya darasa, wanawake kwenye mabenchi, wanaume wamesimama. Murugi alikuwa amefika na basi la asubuhi, mtoto mgongoni, na tayari alishamfungia Kabura nguo zake kwenye kiondo. Kiondo hicho kilikuwa mapajani mwake, amekikumbatia kama kitu alichokwisha kununua.

Hedimasta alikaa mbele, mzee mpole mwenye kikohozi. Watoto waliitwa mmoja mmoja. Gicheru alipiga fimbo, mtoto akasoma kwa mdundo, akimaliza wote wanapiga makofi ya mpango, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Na kila mara, baada ya pa! ya mwisho, kofi moja dogo lilisikika peke yake kutoka kona ya nyuma. Mara ya kwanza watu waligeuka. Mara ya pili walicheka. Mara ya tatu walikuwa wakilingojea ili wacheke.

Wahome aliangalia dari.

"Kabura wa Wahome."

Alikwenda mbele na kitabu. Gicheru aliandika sentensi ubaoni, akajifuta chaki, akainua fimbo. Ta!

Kabura aliangalia neno.

Ta! Fimbo ikaenda kwa la pili.

"Paka," Kabura alisema.

"Tumeshapita hapo. Niangalie mimi. Niangalie!" Ta!

"Ame..."

"Mkia," mtoto mmoja alinong'ona, na mnong'ono ukapita darasani kama upepo kwenye mahindi. Kabura alianza kuinua sweta kichwani. Murugi alisimama, akakiweka kiondo begani.

Watiri alisimama pia. Hakwenda kwa mtoto. Alikwenda kwa mwalimu, akaishika ile fimbo upande wa juu.

"Mama, rudi ukakae," Gicheru alisema kwa sauti ya chini.

"Achilia."

"Mama, unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Na yeye umemvunjia nini? Achilia, au nichape mimi. Mkono huu hapa. Mimi pia nimechelewa, ningekuja zamani."

Wazazi waliacha kucheka. Gicheru aliiangalia ile fimbo, akamwangalia yule mwanamke mwenye mvi, umri wa mama yake, akaachilia. Watiri aliibeba mpaka benchi la kwanza, kando ya ubao, akamsukuma mzazi mmoja kwa nyonga, akailaza fimbo hapo, akaikalia.

"Sasa asome," alisema. "Na mtu asifungue mdomo. Mtoto yeyote atakayesema lile neno nitamfuata mpaka kwao, nimwambie jinsi mama yake alivyokuwa akikojoa kitandani. Nawajua wote."

Hedimasta alikohoa. Alitaka kusema kitu, akamwangalia Watiri, akakohoa tena.

Kabura alilishusha sweta. Aligeuka, akawapa watu wote mgongo, akafungua kitabu karibu kabisa na uso. Kidole kikapita chini ya neno la kwanza. Macho akayafumba. Kwa mgongo huo hakuna aliyeona isipokuwa Watiri, aliyekuwa ubavuni.

"Paka," alisema Kabura.

Kidole kikasogea, macho yakafumbwa tena.

"Amelala."

Mtoto wa Murugi alianza kulia, akapewa ziwa.

"Juu... ya... gu... gunia."

Ukurasa ule ulikuwa na mistari michache tu, lakini ulichukua muda mrefu hata mzee mmoja akatoka nje na akarudi. Neno moja Kabura alilikosea, akajua amelikosea, akarudi mwanzo wa sentensi, akaanza upya, na kina mama kwenye mabenchi wakajikuta wanabana pumzi.

"Basi la Nanyuki litatuacha," Murugi alinong'ona.

"Likuache," Watiri alisema, bila kunong'ona.

"Panya," Kabura alisoma. "Anatoka. Paka... anafumbua... jicho. Moja."

Akafunga kitabu. Mtu mmoja aliinua mikono apige makofi na Watiri akamgeukia. "Usithubutu."

Hedimasta alivua miwani. "Amesoma," alisema. "Hakuna mtu atakayesema hakusoma. Lakini mama, mtihani hautamngoja namna hiyo. Darasa la nne hawezi. Akibaki, atarudia la tatu, na mwalimu wake atakuwa huyu huyu. Sina mwingine."

"Kurudia!" Murugi alisema. "Na watoto wadogo! Wahome, unamsikia? Mwaka mwingine wa kufura mikono."

Watu wote walimwangalia Wahome. Alikuja mbele polepole, kofia mkononi, akasimama mbele ya binti yake. "Kabura. Hebu niangalie."

"Usimwambie akuangalie!" Watiri alifoka. "Miezi yote hii nimesema nini?"

Wahome alishtuka kama mvulana. Akageuka, akasimama ubavuni mwa Kabura, baba na mtoto wote wakiutazama ubao, kama watu wawili wanaongoja gari.

"Unataka kurudi hapa?" aliuambia ubao.

Kabura alingoja. Wahome naye alingoja, hakurudia swali.

"Nataka kitabu," Kabura alisema. "Fimbo sitaki."

Wahome alimgeukia Gicheru. "Umesikia, mwalimu?"

"Nimesikia."

"Mimi si mtu wa maneno. Mtoto wangu atarudi hapa. Akija nyumbani na mkono umefura, sitamtuma mama yangu. Nitakuja mwenyewe."

Gicheru alianza kufuta ubao, na aliendelea kuufuta hata pale palipokuwa pasafi. Labda alikuwa na aibu, labda alikuwa na hasira yake, Watiri hakujua na hakutaka kujua. Bado alikuwa ameikalia fimbo.

Nje, Murugi alikuwa ameshafika barabarani. Watiri alimfuata, akamshika kiondo.

"Lete nguo za mtoto."

"Maitu, na mtoto wangu mimi atashikwa na nani?" Macho ya Murugi yalikuwa yamejaa machozi. "Mimi si wako? Kila siku Kabura, Kabura. Huko Nanyuki niko peke yangu na baridi, hata wa kuniletea maji sina, na wewe hujawahi kuja kuniona!"

"Wewe ni wangu, ndiyo maana nakuambia ukweli. Huyo mgongoni ulimzaa wewe, mshike wewe. Ukishindwa, mlete kwangu nimlee bure. Lakini hutanunua usingizi wako kwa mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu! Wa ndugu yangu!"

"Hata wa ndugu yako."

Murugi alikiachilia kiondo kwa nguvu, kikaanguka, gauni moja likamwagika kwenye matope. Basi lilisimama. Alipanda bila kuaga, na mtoto wake mchanga ndiye pekee aliyewaangalia kupitia kioo.

Watiri aliliokota gauni, akalikung'uta zaidi ya lilivyohitaji. Kabura alikuja akasimama karibu naye, akiangalia kifungo cha sweta lake.

"Tata Murugi amekasirika?"

"Amekasirika."

"Na mwalimu?"

"Huyo pia."

"Na wewe, cucu?"

"Mimi ndio usiseme."

Kabura alifikiri juu ya hilo muda mrefu, basi likipanda mlima na kupotea kwenye ukungu.

"Utakasirika mpaka lini?"

"Mpaka shule ifunguliwe," Watiri alisema, akatupia kiondo begani. "Halafu nitaanza upya."